Bidole Makumi Tano na Munane

Mimi njo nilikuwaka naita batu. Mujue ile kwanza, bajukuu yangu, mbele mutu mwingine abaeleze. Mutu akisema ni conseiller njo alitudanganya, ao ni tajiri wa Butembo njo alikula bonde yetu, anasema kweli, mais anasema nusu. Nusu ingine iko na mikono mbili, na mikono yenyewe njo hii munaiona.

Mi ni Mathe. Masomo yangu iliishia ku mwaka ya tatu primaire, juu baba alisema mbuzi haiwezi kujichunga yenyewe. Jina yangu najua kuandika, na ya batu bengine pia, pole pole. Bibi yangu ni Kaswera. Tulitoka upande wa Oicha, miaka sita sasa. Kule tulikuwa na shamba ya kakao, miti ya kwanza baba yangu njo aliipanda, na nyuma ya kakao ndizi, na nyuma ya ndizi pori. Asubuhi moja baadui balitokea mu ile pori na mapanga. Tulikimbia na kikapo moja na kuku mumoja. Kuku alikufa mu njia. Kaswera alimulilia ule kuku mupaka Beni, mi namuambia, mama, tumeacha hekta mbili, uko nalilia kuku? Alisema kuku alikuwa na jina. Ni vile yeye iko.

Beni tulipanga chumba moja na nusu. Chini ya nyumba kulikuwa bonde, maji ya kusimama tu, matete na vyura. Ni udongo ya leta, ya serikali, hakuna mutu alikuwa naitaka. Kaswera alishuka mule na jembe. Mwaka muzima alichimba mitaro, maji ikajua njia yake, na kisha alipanda: maharagi, lenga-lenga, mashu, bitunguu ku mwisho kule kukavu. Babibi bengine balimufwata, bakakuwa makumi mbili na kitu, kila mutu na kipande yake. Mais ya Kaswera ndiyo ilikuwa ya kwanza, na njo ilikuwa natulisha. Kila kitu tulikuwa nakula ilitoka mule. Chumvi tu ilitoka ku duka.

Sasa Zorobabel. Ule ni mutoto ya marehemu Siméon, fundi ya baiskeli, rafiki yangu wa siku ya kwanza tulifika Beni. Baba yake alipokufa, mi njo nilisimama pa nafasi ya baba ku ndoa yake, nilikula hata mbuzi ya ndoa. Siku balimuchagula conseiller, mujumbe wetu ku commune (commune gani nitaiacha, mais siyo Mulekera, batu ya Mulekera basinitukane), mi nilicheza mu barabara mupaka kiatu ikapasuka. Nilisema, sasa tuko na mutoto yetu ndani.

Na kweli, alianza muzuri. Bengine, ukibachagula, utabasikia ku redio tu, Kifaransa yenye hata redio yenyewe haisikie. Zorobabel, hapana. Kila mwisho wa mwezi, siku ya yenga kisha misa, anakuya mbele ya moulin ya mama Kahongya, pale banasagaka unga, na mikaratasi yake ndani ya plastiki juu ya mvua. Mama Kahongya anazima mashine. Mi napiga ile jante ya camion, chuma ya gurudumu ya lori, inaninginia pale, ngwe, ngwe, ngwe, batu banatoka mu manyumba. Njo kazi yangu. Zorobabel anaanza na habari ya kartye: pampu, daraja, salongo, ile kazi ya batu bote ya siku ya posho. Kisha ile conseil ilipigia kura. Kisha divers, ni kusema mambo ingine yote. Batu balipenda divers, juu mule njo unaweza kulalamika.

"Conseil imekubali décision namba ine, juu ya usafi wa mitaro," anasoma.

"Ine? Na namba tatu iko wapi?"

Ule ni Hamisi, jirani yangu. Ni mwislamu, alikuwaka chauffeur wa camion ya Kasindi miaka makumi tatu, sasa mugongo ilimukatala. Anasoma Kifaransa kama padiri.

"Namba tatu iko mu étude, papa Hamisi."

"Aah, iko nasoma. Itapata diplôme mwaka gani?"

Batu banacheka mupaka unga inaanguka ku mabeseni. Zorobabel naye anacheka. Ilikuwa hivyo. Tulikuwa tunapendana.

Mais sikieni jambo ya liste. Mugeni hawezi kuielewa. Huku kwetu, tangu Ebola, tangu hii vita, liste ni kitu ya uzima. Jina yako ikiwa ku liste, unapata bâche ya kufunika nyumba, unapata sabuni, unapata bidon. Ikiwa haiko, unasimama pembeni, unaangalia benzako banabeba. Mwaka tulifika, Kaswera alikosa bâche juu alienda kuteka maji saa ile ile balikuwa naandika. Miezi mbili mvua ilitunyeshea mu kitanda. Njo maana mutu ya Beni akiona karatasi ya mistari na stylo, haulizake ni ya nini. Anaulizaka, nitie kidole wapi?

Sasa mwezi moja Zorobabel aliniita pembeni. "Papa Mathe, weye njo batu banasikia. Chunga liste ya présence, ya batu bale bamefika. Na isikuwe na majina kidogo, juu ku bureau banahesabu. Cellule, kipande ya kartye, yenye iko na batu mingi, njo banafikiriaka."

Alinipa mikaratasi, na kale kasanduku ya wino. Ku mikaratasi hakukuwa maneno ku kichwa. Mistari tu na namba. Mi hapana uliza. Nilikuwa na furaha, nilienda nayo kama kasisi na ostia.

Nilianza na mimi mwenyewe, namba moja. Namba mbili Kaswera. Alikuwa na matope ku mikono, alisema, "Ni ya nini tena?" Nikamuambia, "Tia tu, mama, labda ni sabuni." Akapanguza kidole ku kikwembe, akatia.

Batu bale balikuwa kwenye moulin balitia. Mais bale habakukuwa? Bengine balikuwa kuvuna kakao. Bengine bagonjwa. Kakule alikuwa amekimbilia Kayna kwa shemeji yake. Rachida, bibi ya Hamisi, alikuwa Butembo kwa mutoto wao Hawa mwenye alizaa. Niliona Kaswera wa mwaka ule, na bidon yake ya maji, nafika, banamuambia liste imefungwa. Nikasema, hapana, mi nikichunga liste, hakuna mutu atakosa. Nilikaa nyumbani, niliandika majina yao yote, moja moja, na ulimi inje ya kinywa kama mutoto wa masomo. Na kila jina nilitia kidole. Ili isifanane, nilikuwa nabadilisha: kikubwa ya kulia, kidogo ya kushoto, ile ya kati. Mais Mungu wetu Nyamuhanga alinipa kumi tu. Majina ilikuwa makumi tano na munane.

Hakuna mutu alinituma. Roho yangu njo ilinituma. Kesho yake Zorobabel aliona liste, akanishika mabega yote mbili. "Papa, batu mia moja makumi tatu na moja! Weye uko nguvu!"

Nilifurahi. Ile njo inaniumiza kuliko yote.

Miezi mbili ilipita. Siku moja Kaswera alipanda kutoka bonde mbio, na miaka yake ile. "Mathe, kuko bijana naotesha miti mu maharagi yangu." Nilishuka. Haikukuwa miti, ni bipiketi, bijiti ya kupima udongo, imepakwa rangi nyekundu ku kichwa. Kijana mumoja alikuwa navuta kamba juu ya mashu. Nilimuuliza ni ya nini. Alisema bila kuniangalia, "Muzee, ni parking ya ma-camion. Commune imeisha kupatia tajiri wa Butembo. Uliza ku bureau."

Hamisi njo alinisindikiza, juu ya Kifaransa yake. Ku bureau tulikuta secrétaire, mama Bénite, mwenye niliimba naye chorale moja. Alifungua dossier, alitafuta, alitoa karatasi na timbre, muhuri ya commune. Hamisi alivaa miwani.

"Procès-verbal ya consultation, ni kusema mukutano wa kuuliza batu," alisoma, na akageuza mu Swahili kwa ajili yangu. "Banasema conseiller alieleza population habari ya parking. Banasema population imekubali bonde ipewe, bila kulipwa, juu ni udongo ya leta. Banasema, tazama bidole, batu mia moja makumi tatu na moja." Alisimamisha. "Kueleza? Siku gani alieleza? Mi nilikuwa mbele mbele, niko namuuliza mambo ya mitaro!"

"Mi napokeaka tu, papa," mama Bénite alisema chini chini. "Mi hapana fika kule."

Nyuma ya ile karatasi, imeshikwa na pini mbili ya agrafe, ilikuwa mistari yangu. Maandiko yangu yenyewe. Namba moja, Mathe. Hamisi alipitisha kidole chini, jina kwa jina, na kidole ikasimama.

"Rachida? Rachida yangu? Mathe, ule mwezi alikuwa Butembo, anamulinda Hawa! Na huyu Kakule, si alikuwa Kayna? Ee Mungu. Hii ni ya uongo! Hawa batu habakukuwa!" Alinipiga mugongoni kwa furaha, vile mutu anapigaka mwenzake akikuta mwizi. "Tumemukamata, Mathe! Siku ya yenga, mbele ya batu bote. Atakula ile karatasi na timbre yake."

Mi nilisema, "Ndiyo." Neno moja tu. Ningalisema yote pale pale. Tulikuwa batatu tu. Mais mama Bénite alikuwa pale, na nilikuwa na haya, nikasema nitamuambia Hamisi mu njia. Mu njia alikuwa nacheka, nikasema nitamuambia nyumbani. Nyumbani Rachida alituletea chayi na mandazi, na yeye naye alianza kuapa ku jina la Mungu ya kwamba hakutia kidole. Nilikunywa chayi yake.

Siku ya posho, mbele ya ile yenga, Zorobabel alikuya kwangu, peke yake, bila pikipiki yake, kwa miguu. Kaswera alikuwa bonde. Alikaa ku kiti yenye baba yake alikuwaka anakaa.

"Papa, nimesikia Hamisi anatafuta kelele."

"Zorobabel, mutoto yangu, ile bonde njo inatulisha. Unaijua. Ulikula maharagi yake hapa."

"Najua. Mais na mi balinisukuma, papa. Hauwezi kuelewa mambo ya mule. Ule tajiri alikuwa nakuja tu, nakuja tu. Kama si mimi, mwingine angalisaini."

"Sema ku batu ya kwamba hukutueleza."

Aliangalia chini, kisha aliniangalia mu mikono. Hakunitukana. Alikuwa na huruma hata.

"Na bale batu habakukuwa, papa? Bidole yao, nani alitia?"

Mi nilitia mikono mu mifuko.

"Conseil haikutia. Mi sikutia. Hamisi akipeleka ile karatasi kwa bakubwa, ya kwanza bataita ni mwenye kuchunga liste. Na siku hizi, papa, juu ya vita, baaskari njo banahukumu. Kutia kidole ya mutu, banaita faux, uongo wa karatasi. Ni miaka ya jela. Kwa umri yako, munyololo ni kaburi." Alisimama, akanipa mukono na mikono mbili, vile banashikaka muzee. "Mi sitaki upate mateso. Njo maana nilikuja kukuambia mimi mwenyewe."

Basi. Usiku ule Kaswera aliniuliza mara moja tu, "Kesho utasema?" Nikamuambia, "Nitasema." Hakujua kama kuna kitu ingine chini ya ile. Aliamini tu, juu mi ni mutu wa maneno mingi, munanijua.

Siku ya yenga nilipiga jante. Batu balijaa mupaka barabarani, babibi yote ya bonde balikuwa mbele, na majembe yao, balibeba kwa makusudi. Mashine ilizimwa. Zorobabel alisoma habari yake, pampu, salongo, kura ya conseil, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa. Alipofika ku divers, Hamisi alisimama, mukono moja ku kiuno juu ya ule mugongo.

"Muheshimiwa. Bonde. Unasema tulikubali. Rachida yangu, simama." Rachida alisimama. "Ulitia kidole?"

"Hapana. Nilikuwa Butembo, najaza maji ya kuoga mutoto."

"Na banasema ulitia. Banasema batu mingi balitia, na habakukuwa. Sisi hatuna mambo na mutu. Mwenye alichunga liste iko hapa, ni muzee wetu, ni namba moja. Mathe! Sema mbele ya batu. Bale habakukuwa, bidole ni ya nani?"

Nilisimama. Niliona Kaswera. Alikuwa ameshika jembe na mikono mbili, kichwa juu, alikuwa naniangalia vile aliniangaliaka siku ya ndoa yetu, nikitaja jina yangu mbele ya padiri. Niliona Zorobabel naye, alikuwa napanga mikaratasi yake, pole pole. Nyuma kulikuwa baaskari mbili, bamesimama tu, banakula karanga, labda hakuna mutu alibatuma. Mi nilibaona.

Nilisema, "Ni ya benyewe."

"Unasema nini?"

"Bidole. Ni ya benyewe. Kila mutu alitia yake."

Hamisi hakukasirika, ni vile nilikuwa nangojea, hakukasirika. Alisema kama mutu anaongea na mugonjwa: "Mathe. Rachida alikuwa Butembo."

"Labda alikuwa amerudia."

Rachida alikaa. Alijifunika kichwa na kikwembe yake. Na mutu mumoja nyuma alisema kwa sauti, "Tazama, sasa hata bibi wa mwislamu anadanganya!" na bengine balicheka. Kwa neno yangu. Rachida mwenye alinipa chayi.

Zorobabel alisema, "Tumepokea. Itaandikwa mu divers." Mashine ya mama Kahongya ikawaka.

Caterpillar ya kusukuma udongo ilifika siku ya tatu. Babibi balishuka kabla yake, balingoa yenye iliweza kungolewa, maharagi mabichi, bitunguu kama bidole ya mutoto. Kaswera hakuacha hata jani. Mi nilishuka kumusaidia, alinipa kikapo nibebe. Nyumbani alisimama mbele yangu, akasema, "Onyesha mikono." Nikaonyesha. Aligeuza kidole kwa kidole, kama mutu anatafuta muiba. Nadhani alikuwa amejua pale pale ku moulin, alivyosikia sauti yangu.

Tulikula ile maharagi mabichi juma mbili. Kisha ikaisha.

Siku moja asubuhi niliamuka nikamukuta amefunga kikwembe mara mbili, panga ndani ya gunia, na babibi batatu ba bonde bamemungoja ku njia. Nilijua mara moja. Kuko batu banarudia kule upande wa Oicha, banaingia asubuhi, banakata ndizi, banatoka mbio. Bengine habatokake.

"Kaswera, usiende. Ile njia unaijua. Unajua tulikimbia nini."

Alikuwa anavaa bottes, biatu yake ya matope. Alimaliza ya kushoto, akavaa ya kulia.

"Leo uko na kinywa?" alisema.

Na akaenda.

Anaendaka kila juma sasa, siku mbili, siku tatu. Anarudia na ndizi, mara na kakao kidogo, anaweka mbele yangu, ananichemushia, ananipa sahani. Ndizi ya shamba ya baba yangu. Ni tamu, bajukuu yangu, siwezi kubadanganya. Mi nakula. Akiwa hayuko nakaa ku mulango nahesabu mapikipiki zenye zinapita kutoka upande wa juu. Hamisi anapita, ananisalimia vizuri, "Muzee Mathe," kwa jina yote, vile banasalimiaka mutu habamujue.

Mwezi uliopita Zorobabel alikuya tena na habari yake. Parking inaendelea vizuri, alisema. Ma-camion makumi ine inaweza kulala mule. Kisha alisoma habari ya usalama. Alisema conseil iko na furaha kutangaza ya kwamba utulivu inarudi mu eneo, na mfano ni cellule yetu yenyewe, babibi ine bamerudia kulima mashamba yao ya zamani kwa hiari yao. Alitaja majina. Ya kwanza ilikuwa Kaswera.

Batu balipiga makofi. Kaswera hakukuwa, ilikuwa siku yake ya tatu kule. Hamisi hakupiga. Zorobabel alinitafuta kwa macho katikati ya batu, akaitikia na kichwa kidogo, kama mutoto anayeonyesha baba yake kazi nzuri.

Mi nilipiga makofi.